Gimbi au ua? Geuza jani kwanza

Wapenda maua wenzangu wa Moshi na Arusha, kabla hujamlipa muuza miche wa kando ya barabara kwa yale majani makubwa kama masikio ya tembo, geuza jani uone kikonyo kimeshikia wapi. Gimbi, hili hili la mfereji, kikonyo chake kinashikia ndani ya jani, mbali kidogo na mpasuko ule wa shina la jani, na ncha inaning'inia chini. Alokasia kubwa ya mapambo, mpasuko unafika mpaka kwenye kikonyo, na jani linatazama juu. Mche mchanga hudanganya, kwa hiyo omba kuona mmea uliokomaa. Dondoshea na maji: juu ya gimbi yanaviringika kama shanga, jani linabaki kavu.

Mimi niliuziwa gimbi kwa bei ya ua. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, maana kihambani kwao, yaani shamba la nyumbani, magimbi yamejaa.

Ukishapata alokasia yenyewe, ipe udongo mwepesi: samadi iliyooza, mchanga na maganda ya kahawa yaliyooza, kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Mwanga wa kutosha, ila si jua la saa saba. Arusha ikifika Juni na Julai baridi huiangusha majani; usiitupe! Punguza maji tu, joto likirudi inachipua kutoka kwenye kiazi.

Utomvu wake unawasha vibaya, una vifuwele kama sindano. Vaa glavu unapokata, na usiiweke mtoto anapofikia.