Toa kichupa cha chumvi mezani

Jamani ndugu zangu, kama unataka kuulinda moyo wako anza na kile kichupa cha chumvi pale mezani, kitoe kabisa. Juzi nimekaa kwa muuza chipsi naangalia, chipsi zimetoka kwenye mafuta jamaa kamwagia chumvi, kachumbari nayo ina chumvi, halafu mteja hata hajaonja anachukua kichupa anatingisha tena mara tatu nne, niliumia kweli. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima awe chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani haifiki hata kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na hapo imehesabiwa ya kwenye mboga, mkate, viungo vya pakiti, yote. Chumvi ikizidi mwili unashikilia maji, presha inapanda, moyo unasukuma kwa nguvu miaka na miaka mpaka unachoka, na ubaya wa presha unaweza kuwa nayo usisikie chochote.

Kwetu tumehamia kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, siku za mwanzo mchicha ulikuwa kama maji tu lakini ulimi unazoea, saivi chakula cha nje ndo naona chumvi kali. Na ukipita zahanati omba wakupime presha, kaa kwanza upumzike dakika tano, ikisoma 140/90 au zaidi usikimbilie kununua dawa mwenyewe, rudi siku nyingine upimwe tena daktari aone.