Kulinganisha ubongo wa wanaume na wa wanawake wenye skizofrenia, hatua kwa hatua

Nawaandikia vijana wa utafiti hapa Mwanza wenye picha za MRI (picha za ubongo zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) mkononi, wanaotaka kujua kama skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli, huathiri ubongo wa jinsia zote mbili sawasawa.

Hatua ya 1: Panga makundi manne. Wagonjwa wa kiume na wa kike, na wazima, yaani wasio na ugonjwa huu, wa kiume na wa kike. Bila wazima, utadhani tofauti ya kawaida ya jinsia imeletwa na ugonjwa. Mkitaka wavuvi wa dagaa washiriki, wafuateni kipindi cha mbalamwezi, wakiwa nchi kavu.

Hatua ya 2: Uliza ugonjwa ulianza lini. Hapa msiharakishe. Wanaume wengi huanza kuugua mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya 20. Wanawake kwa wastani huchelewa miaka kadhaa, na wapo wanaoanza baada ya miaka 40. Kwa hiyo mwanamume na mwanamke wa miaka 35 wanaweza kupishana sana kwa muda wa kuugua na wa kutumia dawa, na dawa zenyewe zimehusishwa na kupungua kwa ujazo wa ubongo. Mama wa mgonjwa aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe huenda asikumbuke mwaka. Msalimie, kisha: "Mama, alianza kujitenga kabla ya kumaliza shule au baada? Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshazaliwa?" Andika pia pombe, na ajali ya bodaboda iliyomuumiza kichwa.

Hatua ya 3: Kagua kila picha kwa macho. Mtu akitikisa kichwa mashineni, gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huonekana jembamba kuliko lilivyo.

Hatua ya 4: Zingatia ukubwa wa fuvu. Ubongo wa mwanamume kwa wastani ni mkubwa kwa takriban asilimia 10. FreeSurfer, programu ya bure, hukadiria ujazo wa ndani ya fuvu. Uingize kwenye hesabu pamoja na umri.

Hatua ya 5: Pima mwingiliano wa jinsia na ugonjwa. Swali ni hili: pengo kati ya mgonjwa na mzima ni kubwa zaidi kwa jinsia moja? Kupata tofauti kwa wanaume na kuikosa kwa wanawake hakujibu swali hilo, hasa wanawake wakiwa wachache. Mwaka 2016 utafiti wa ENIGMA, ushirikiano wa watafiti wa nchi nyingi, wenye wagonjwa 2,028 na wazima 2,540, ulionyesha kwa wagonjwa hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ndogo na ventrikali za pembeni (vyumba vya majimaji ndani ya ubongo) kubwa. Kuhusu jinsia, tafiti ndogo zimegongana mno. Usipoona tofauti, iandike hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Familia wakiuliza picha imesema nini, waambieni wazi kwamba skizofrenia hutambuliwa kwa mazungumzo na historia ya mgonjwa. Hospitalini picha husaidia kutafuta uvimbe, damu au jeraha.