SOMO: Adhabu imesikilizwa upya, sasa mnataka rufaa nyingine. Someni hapa kwanza

Swali ni lile lile kila mara: "Mzee wetu alitolewa kwenye kunyongwa akapewa miaka, tunakata rufaa tuseme mashahidi walidanganya." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nazungumzia Kenya, na kesi za mauaji pekee.

1. Tafuta nakala za maamuzi yote: wa kesi, wa rufaa ya kwanza, wa adhabu mpya.

2. Wasilisha notisi ya rufaa ndani ya siku 14. Ukichelewa, omba kuongezewa muda na useme kwa nini.

3. Rufaa ya adhabu peke yake inahitaji ruhusa ya Mahakama ya Rufaa. Ni kifungu cha 379 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

4. Andika sababu za rufaa. Hapa ndipo wengi huzama. Uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, wa Desemba 14, 2017, uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Haukumfutia mtu hatia. Maelekezo ya mahakama hiyo hiyo ya Julai 6, 2021 yakakaza kwamba kinachosikilizwa upya ni adhabu tu. Jaji aliyempa mzee miaka hakuamua nani aliua, basi utamlaumu vipi kwa jambo hilo? Gwaride la utambulisho, shahidi wa gizani, kisu kisichopimwa: yaliyokwisha kuamuliwa kwenye rufaa ya kwanza yamekwisha, na uliyosahau kuyataja wakati ule hayafufuki kwa sababu adhabu imebadilika. Umebakiwa na haya: jaji alikosea kanuni, aliacha jambo zito, alipima lisilohusika, au adhabu imepita kiasi waziwazi. Kipimo hicho majaji wa Afrika Mashariki wanakitumia tangu kesi ya Ogalo ya 1954.

ONYO: Kama rufaa ya kwanza bado inasubiri, Mahakama Kuu haisikilizi ombi la adhabu mpya mpaka rufaa hiyo iondolewe. Watu huiondoa haraka haraka wakidhani wataidai baadaye. Mwenye hoja nzuri ya kupinga hatia asitie sahihi ya kuiondoa kabla ya kuongea na wakili.

ONYO tena: upande wa mashtaka unaweza kuomba adhabu iongezwe. Ukionywa kortini kuhusu hilo, usilichukulie mzaha.

5. Angalia kama siku za rumande zilihesabiwa kwenye kifungo, kifungu cha 333(2) cha sheria hiyo hiyo. Hoja hii ndogo husaidia kuliko kurasa kumi za kulalamikia mashahidi.

MASWALI

Kaka Mkubwa: Ndugu yangu ana wizi wa mabavu. Tuanzie hatua gani?
— Nimeandika mauaji pekee. Maelekezo ya 2021 yanasema Muruatetu haigusi wizi wa mabavu. Soma tena kuanzia juu.

Kaka Mkubwa: Lakini kuna jamaa wa unajisi alipunguziwa.
— Alipunguziwa lini? Julai 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha kifungo cha miaka 20 katika kesi ya namna hiyo, baada ya Mahakama ya Rufaa kukishusha hadi 15. Habari za jamaa si sheria.

Binti Halima: Shikamoo mwalimu. Je, shahidi akijitokeza leo akakiri alidanganya?
— Marahaba binti, umeuliza vizuri. Hapo rufaa ya adhabu si njia. Ni ombi la kesi mpya Mahakama Kuu, Ibara ya 50(6) ya Katiba. Kwanza, rufaa iwe imekataliwa na mahakama ya juu kabisa mliyokuwa na haki ya kuifikia, au muda wa rufaa ulipita bila kukata. Pili, ushahidi uwe mpya na mzito. Jirani mliyemjua tangu mwanzo na hamkumwita si mpya. Shahidi anayegeuka huhojiwa vikali, kwa hiyo leteni na kitu kingine cha kumuunga mkono.

Binti Halima: Asante. Na vyeti vya ufundi alivyopata gerezani?
— Vitumie kwenye adhabu. Uwezekano wa kurekebika umo katika maelekezo ya 2021, pamoja na umri, majuto na kama ni kosa la kwanza. Ila viwe vilifikishwa kwa jaji wa adhabu mpya. Akiwa aliviona akanyamaza, hiyo ndiyo sababu yako ya rufaa.

Mtumishi: Afisa wa probesheni aliyemwandikia jaji ripoti ya adhabu alikwenda kwa familia ya marehemu tu, kwetu hakufika.
— Mlimwambia jaji siku ile? Angalia kwenye mwenendo wa kesi kama iliandikwa. Ikiwa imo, iweke iwe sababu ya kwanza ya rufaa.