Turbo inalia "pshhh" au "stututu"? Jinsi ya kusikiliza na kujua tatizo liko wapi

Kuna watu wanafungua boneti wanaziba valvu ya turbo kwa kipande cha bati ili gari ilie stututu mtaani, na kuna wengine gari zao zinalia hivohivo bila kuguswa na mtu, kumbe kuna mpira umepasuka. Sauti ni ileile ila sababu ni tofauti kabisa. Hapa natumia Subaru Forester SG5 ya turbo, ile ya injini EJ205, manake huku kwetu zimejaa, lakini kwa WRX na petroli nyingi za turbo mambo ni yaleyale.

Kwanza elewa kinachotokea. Ukikanyaga mafuta turbo inazunguka kwelikweli, shafti inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, inasukuma hewa kupitia intakula (kile kipoza hewa kinachofanana na rejeta) mpaka kwenye injini. Sasa ukiachia ghafla ubadilishe gia, throto (mlango wa hewa ya kuingia injini) inafunga, ila turbo bado inazunguka na bado inasukuma, hewa inakosa pa kwenda. Hapo ndo valvu inatakiwa ifunguke, vakyumu (mvuto wa hewa) ya kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, inavuta diaframu, kile kiwambo chembamba kilicho ndani ya valvu, na hewa inapata njia. Kwenye Forester ya kiwandani hiyo hewa hairushwi nje, inarudishwa kwenye paipu inayoingia turbo, ndo maana inasikika fsss ya chinichini tu. Ukifunga BOV (blow-off valve), yaani valvu kama hiyo ila ya kurusha hewa nje, unapata ile pshhh kubwa. Na valvu isipofunguka kabisa, hewa inarudi kinyumenyume ikipita kwenye mapanga ya kompresa (ile feni ya turbo inayosukuma hewa), inatoka kwa mipigo mipigo, stu-tu-tu-tu. Hiyo ndo saji.

Jinsi ya kuisikiliza: tafuta barabara tulivu yenye ukuta pembeni, shusha vioo, zima redio, weka gia ya 3, kanyaga mpaka kama RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 4,000 alafu achia mguu mara moja. Ukisikia fsss au pshhh moja iliyonyooka, valvu inafanya kazi. Ukisikia stututu ndefu kila ukiachia, valvu haifunguki au inachelewa. Ila kama ni kidogo tu, na ni pale ulipokanyaga kidogo ukaachia, usihangaike, busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ilikuwa ndogo na nguvu haikutosha kuishinda springi inayoifunga valvu, gari nyingi zinafanya hivo.

Hatari zaidi ni saji inayotokea mguu ukiwa bado uko kwenye mafuta. Uko gia ya 5, RPM 2,000, unapanda mlima, unakanyaga mpaka chini, gari inatetemeka na mshale wa busti unachezacheza. Hapo valvu haihusiki kabisa, usiibadilishe. Turbo inalazimishwa kutoa presha kubwa wakati injini inameza hewa kidogo, na mara nyingi utakuta mtu kafunga turbo kubwa kuliko injini au kaongeza busti ya RPM za chini kwa kontrola (kifaa cha kurekebisha busti). Shusha gia upande na RPM za juu, alafu mrudie aliyeseti aipunguze busti ya chini. Na mwinuko unachangia: busti ya bar 0.8 pale Dar, ukijumlisha na presha ya hewa ya nje, ni kama mara 1.8 ya presha hiyo ya nje, busti hiyohiyo Arusha inapita mara 1.9 kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo turbo inafanya kazi ngumu zaidi na inausogelea mpaka wa saji. Gari iliyosetiwa Dar ikawa poa inaweza kuanza kusumbua ikifika huko juu.

Haya, turudi kwenye stututu ya kuachia mafuta. Anza na kitu cha bei rahisi, ule mpira mdogo unaotoka manifoldi kwenda kichwani mwa valvu. Joto la injini linaukausha unakuwa mgumu kama plastiki, na unapasukia palepale mwishoni unapochomekwa, ukiuangalia kwa juu huoni kitu, upinde kwa vidole ndo ufa unajitokeza. Ukiwa bado mrefu kata hiyo sentimita moja iliyooza uchomeke upya na klipu, la sivyo weka mpya. Alafu washa gari, chomoa mpira upande wa valvu, ziba kwa kidole, lazima usikie unavutwa. Usiuache wazi, gari itamisi.

Mpira ukiwa mzima, fungua valvu yenyewe, iko kwenye intakula, bolti mbili, spana namba 12. Subiri injini ipoe. Chukua bomba la sindano kubwa la hospitali, lile la 60 ml, unganisha na kimpira kwenye chuchu ya juu ya valvu, vuta. Kifuniko cha ndani kinatakiwa kinyanyuke na kibaki hapohapo ukiwa umeshikilia. Kikirudi chenyewe polepole, diaframu imetoboka, nunua valvu nyingine. Angalia na gasket yake kabla ya kurudisha, ikiwa imekatika busti itavujia hapo na utaendelea kulaumu turbo.

Kuhusu kufunga BOV ya kurusha nje kwenye hizi Subaru, mi sishauri, na sababu ni ya kiufundi. Sensa ya kupima hewa iko baada ya ea klina, kabla ya turbo, kwa hiyo hewa ikishapita pale kompyuta imeshaihesabu na imeshaipangia mafuta. Ukiirusha nje mafuta yanabaki mengi, unaona moshi mweusi, gari inazima ukifika kwenye taa, plagi zinajaa masizi. Kama unayo tayari, seti springi hivi: gari ikiwa imewaka imesimama, kaza mpaka valvu iwe imefunga bila kuvuta hewa, uishie hapo. Ukikaza kupita kiasi stututu inarudi, ukilegeza sana inanyonya hewa ambayo haijapimwa na RPM zinapanda na kushuka zenyewe.

Na kuziba valvu kabisa? Kwa busti ya kiwandani turbo haifi siku hiyohiyo, lakini ile mipigo yote inaishia kwenye beringi inayozuia shafti isiende mbele na nyuma, na ikilika unaanza kuona oili kwenye paipu za intakula na moshi wa bluu. Ukinunua gari iliyozibwa, fungua paipu ya kuingilia turbo injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika nati ya katikati ya kompresa, ivute na kuisukuma. Ikicheza mbele na nyuma kwa kiasi cha kuisikia wazi mkononi, au ukiona mapanga yamegusa ukuta, tenga hela ya turbo kabisa kwenye bei unayoongea na muuzaji.