Dawa za magoti: kila kitu mkobani

Mwaka wa tisa huu magoti yananitesa. Nakaa Wete, na kwetu Pemba ukichechemea tu kila mtu ana mti wake wa kukupa. Nilikuwa nakunywa vyote: asubuhi thomu mbichi iliyotwangwa na asali, magharibi tangawizi kali na manjano, na juu yake diklofenaki, kidonge cha maumivu, pamoja na ile aspirini ndogo ya moyo. Daktari aliponiuliza, "Bi mkubwa, kuna dawa nyengine unatumia?" nikamjibu hakuna. Sikukusudia uongo. Thomu kwangu ni kitu cha jikoni.

Wiki chache baadaye nikaona choo cheusi kama lami, na kizunguzungu. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Diklofenaki huchubua tumbo, aspirini huzuia damu kuganda, na thomu au tangawizi nyingi huweza kuzidisha huko kuvuja. Ipi hasa ilinifikisha pale, hakuna aliyeweza kuniambia. Ukiona choo cha namna hiyo, nenda hospitali siku ile ile.

Sasa kila miadi nabeba mkoba wa ukili. Natia vidonge na pakiti zake, chupa za mafuta, mizizi yenyewe. Usiishie kusema "natumia miti shamba". Sema kijiko kimoja, mara mbili kwa siku, tangu mwezi gani. Kisha uliza: "Hii inagombana na ipi?"

Daktari akikubali uongeze mti, anza na mmoja tu na uandike tarehe daftarini. Ukianza miwili pamoja hutojua upi uliokufaa na upi uliokudhuru. Wengine hunambia acha saa mbili kati ya kidonge na mti. Kwa mambo ya damu hilo halikukingi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndiyo asijaribu kabisa bila ya daktari wake, na anayengojea upasuaji awaeleze mapema, hata kuhusu manjano anayokunywa.

Unga wa magoti usio na jina mimi siugusi. Unga huo ukiondosha maumivu kwa siku moja, ushuku: unga wa aina hiyo umewahi kukutwa umetiwa diklofenaki au steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, na wewe pengine unameza diklofenaki nyengine nyumbani.

Kuchua nachuliwa bado. Matone matatu ya mafuta ya karafuu kwa kijiko cha chakula cha mafuta ya nazi. Ya karafuu yakiwa matupu huunguza ngozi, na kuyanywa ni kulitafutia ini balaa. Siku niliyopaka jeli ya maumivu ya hospitali sichuliwi pahala hapo.

Diklofenaki daktari aliiondosha, akanipa parasetamoli: vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku, nikihesabu na vilivyomo kwenye dawa za mafua. Aspirini aliisimamisha kisha akanirudishia mwenyewe, sikujiamulia. Thomu nayo imerudi kwenye mchuzi wa pweza.