Kupiga polishi na waksi gari mwenyewe

Osha kwanza na shampuu ya gari, sio sabuni ya unga jamani, alafu weka kivulini boneti ipoe kabisa maana jua la Dar linakausha polishi hapohapo na kuifuta inakua kazi. Polishi inakula rangi kidogo, na ile klia ya juu (tabaka angavu linalofunika rangi) ni nyembamba kuliko karatasi, kwaiyo usikandamize, hasa kwenye kona. Tone chache kwenye sponji, eneo dogo dogo, futa na kitambaa laini cha maikrofaiba, na kitambaa kikidondoka chini usikirudishe, mchanga mmoja tu unachora. Waksi ndo inalinda, paka nyembamba, ikifanya ukungu pitisha kidole, pakibaki safi bila kuvutika, ifute, miezi miwili mitatu unarudia.