SOMO: Kumuaga punda mzee. Someni lote kabla ya kupiga simu

Salaam, ndugu wafugaji. Mwezi huu nimepigiwa simu na watu wanne, wote na swali moja: punda kazeeka, kuinuka ni shida, nifanyeje? Huku kusini punda ni wachache. Aliye naye mara nyingi kamtoa Dodoma au Singida kwa gharama, na jirani wa kumuuliza hana. Basi naandika hapa namna ya kumpumzisha kwa sindano ya daktari na kumzika, tusirudie. Nimefuga punda Newala miaka 19. Wamenibebea maji kutoka bondeni, wamebeba salfa, dawa ya mikorosho, kwenda shambani na korosho kwenda ghala la chama cha msingi. Watatu nimewazika.

1. Jua kama wakati umefika. Punda hapigi kelele akiumwa. Anasimama kimya, anainamisha kichwa kwenye majani ukadhani anakula, kumbe hamezi. Kwa hiyo usiangalie kichwa, angalia chini yake. Ukikuta vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu, meno yamekwisha. Angalia pia mavi kama yamepungua, kama anajitenga na mwenzake, kama analala mchana na kuinuka kwa kujikokota. Weka daftari, kila jioni andika kala au hakula, kainuka mwenyewe au kainuliwa. Wiki mbili za daftari zinasema kweli kuliko moyo wako, maana moyo kila asubuhi unasema leo ana nafuu.

2. Mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza kwake.

3. Shimo lichimbwe siku moja kabla. Urefu mita 2, upana mita 1 na nusu, kina mita 2, ili juu yake ibaki mita nzima ya udongo. Liwe mbali na kisima, mita 50 au zaidi, na lisiwe kwenye njia ya maji ya mvua. Usiku lizungushie miti, watoto wasitumbukie. Msimu wa korosho vibarua hawapatikani, watafute mapema.

4. Asubuhi yake mpe anachokipenda, usimfunge tandiko.

5. MWENZAKE AWEPO. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu hasa ya somo hili.

Mwaka 2015 nilikuwa na punda wawili, Mkuki na Tulizo. Walikuja kwenye lori moja, wakafanya kazi bega kwa bega miaka yote. Mkuki alipofikia mwisho nilijiona nina huruma: nikamtoa Tulizo mapema, nikampeleka kwa shemeji yangu asione. Jioni namrudisha, zizi tupu, na tumekwisha fukia. Tulizo alizunguka zizi usiku kucha akilia. Kesho yake alisimama pale Mkuki alipozoea kusimama. Pumba hakugusa, majani hakugusa. Nikasema atazoea. Siku ya nne nikamwita daktari, akatoa damu, ilikuwa na utando kama maziwa. Akanieleza kwamba punda akiacha kula, mwili unayeyusha mafuta yake wenyewe na kuyamwaga kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyahimili. Ini linashindwa, figo zinafuata. Anayeonekana mnene na mwenye afya ndiye anayekufa upesi. Siku ya tisa nikachimba shimo la pili pembeni ya lile la kwanza. Tulizo alikuwa na miaka kama 14 tu. Angeweza kuishi nami mpaka leo.

Kwa hiyo, mwenzake asimame karibu wakati wa sindano, au aletwe mara tu baada yake. Mwache na mwili. Atanusa, atausukuma kwa pua, pengine atalia, pengine ataukanyagakanyaga. Usimzuie. Utajua amemaliza pale atakapoondoka mwenyewe na kuanza kula. Pamba, punda wangu mwingine, alipokufa mwaka juzi, mwenzake alikaa naye tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri, kisha akaenda zake kwenye majani. Jioni alikula vizuri.

Onyo: baada ya hapo mchunguze aliyebaki kwa wiki 3. Akipitisha siku moja bila kula, mwite daktari siku hiyohiyo, usingoje kama mimi.

6. Sindano. Daktari huanza na dawa ya kumtuliza, kisha ile ya kusimamisha moyo. Usisimame mbele yake, anaanguka ghafla. Anaweza kuvuta pumzi kwa nguvu mara moja mbili au miguu ikatikisika, na macho hubaki wazi. Hayo si maumivu, ameshaondoka. Fukieni baada ya daktari kusikiliza moyo na kugusa jicho, kuhakikisha amekufa.

7. Fukieni siku hiyohiyo, mwenzake akishaondoka. Mzoga una dawa: mbwa, fisi au tai akila, naye anakufa.

MASWALI

Swali, Masasi: Mkuu, mie naomba jina la hiyo dawa tu, nichome mwenyewe.

Jibu: Hapana. Namba 2.

Swali, Ruangwa: Sijasoma lote, niko kazini. Shimo kina gani?

Jibu: Namba 3.

Swali, Masasi: Kuna jamaa wananunua ngozi. Si afadhali kuuza kuliko kufukia hela?

Jibu: Ngozi hizo zinakwenda China kuchemshwa ejiao, gundi inayotumika kama dawa ya asili huko, na punda wa wenzetu wameibwa na kuchinjwa porini kwa ajili yake. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara hiyo bara zima. Mtu aliyekuchotea maji miaka yote humuuzi ngozi. Na usimwonyeshe mtu wa ngozi kaburi lilipo.

Swali, Mtwara mjini: Yaani Tulizo umemuua mwenyewe kwa uzembe, halafu unatufundisha?

Jibu: Ndiyo, na nimeandika mwenyewe. Nafundisha kwa kuwa najua ilivyotokea. Kama una njia bora, iandike, watu wasome.

Swali, Tandahimba: Mjomba, shikamoo. Mimi nina hofu ya Mungu. Kumuua mnyama asiye wa kuliwa si dhambi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hata mimi lilinisumbua. Nilimuuliza sheikh wetu nikiwa na daftari langu mkononi, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Akasema kumwacha mnyama alale juani siku nne akitafunwa na nzi, nawe una uwezo wa kumpumzisha, ndiko kutakakoulizwa. Wewe nenda kwa sheikh wako, lakini umpelekee hali ya punda yenyewe, siku kwa siku.

Swali, Kilwa: Kwetu ukichimba mita 1 na nusu unakuta maji. Tunafanyaje?

Jibu: Umeuliza vizuri, pwani ndivyo ilivyo. Usizike ndani ya maji, mtayanywa. Tafuta mwinuko, hata kama ni shamba la ndugu, na ukazungumze naye mapema. Ukikosa kabisa, mwambie daktari kabla hajaja, maana zipo njia zisizotumia dawa inayobaki mwilini, naye ndiye wa kuamua.

Swali, Lindi mjini: Ninaye mmoja tu, anaishi na mbuzi watatu. Hao mbuzi nao wamuone?

Jibu: Wamuone, hakuna hasara. Ila kwa faida ya wengine: punda akibaki peke yake, mbuzi humsaidia kidogo tu, mwenzake halisi ni punda. Ukiwa na wazee wawili, anza kutafuta wa tatu kabla mmoja hajaondoka, wazoeane.

Swali, Newala: Babu, binti yangu ana miaka 8, huyu punda kakua naye. Anataka kuwepo.

Jibu: Mweleze kwanza namba 6 yote, hasa ya macho na miguu. Akikubali bado, awepo, ashike kamba akiwa pembeni, si mbele yake. Akikataa dakika ya mwisho usimlazimishe. Mjukuu wangu alikata nywele za mkia wa Pamba kabla hatujafukia, akazisuka. Zimefungwa kwenye mwimo wa mlango wake.

Swali, Nachingwea: Wangu meno yamekwisha lakini bado ana nguvu. Kuna namna ya kumwongezea siku?

Jibu: Ipo. Majani makavu mkatie vipande vifupi kama kidole. Pumba loweka mpaka iwe kama uji mzito, mpe kidogo mara nne kwa siku. Ukimpa nyingi kwa mkupuo utamharibu kwato. Mpeleke apigwe msasa meno yaliyobaki, yakichongoka yanachana shavu.

Swali, Nachingwea: Na maji?

Jibu: Mwaka mzima yawepo. Juni na Julai mpe ya uvuguvugu asubuhi, mzee hupunguza kunywa kukiwa na baridi, na choo kinafunga.